Ustadi wa Kuupa Wimbo Sura

Miongoni mwa sanaa ambazo wakubwa wa mji huu huzitazama kwa jicho la pembeni, wakizihesabu kuwa ni mchezo wa vijana waliokosa shughuli, sijui kama iko iliyodhulumiwa zaidi ya ile ya kuupigia wimbo picha. Kwani mtunga mashairi huitwa malenga, mpiga udi huitwa ustadhi, mchonga milango huitwa fundi, lakini mwanafunzi aliyesimama Ndia Kuu na kamera begani, akingoja wingu lipite ili uso wa mwimbaji usigawanyike nusu nuru nusu kiza, huambiwa kwamba anaziba njia ya mikokoteni. Mimi naiona kazi yake kuwa ni katika kazi zenye masharti makali kabisa, na masharti hayo, ambayo mtazamaji hayaoni wala hatakiwi kuyaona, ndiyo yanayonivuta niisifu.

Sharti la kwanza ni wakati. Mwenye kutengeneza filamu ya hadithi aweza kumwongezea mhusika wake dakika ya kulia au kumpunguzia dakika ya kucheka, na hapana atakayemdai. Bali mwenye kuupigia wimbo picha huletewa wakati uliokwisha kupimwa na kukatwa, wenye mwanzo wake, kiitikio chake na ukomo wake, asiweze kuurefusha hata kwa pumzi moja. Hali yake ni ile ile ya mshairi wa pwani ambaye, kabla hajafumbua kinywa, amekwisha kufungwa na bahari, vina na mizani. Wala silinganishi kwa kupamba maneno. Wimbo uendao kwa mapigo 90 kwa dakika hupiga pigo moja katika kila theluthi mbili za sekunde, na kamera inayochukua picha 24 kwa sekunde huchukua, baina ya pigo na pigo, picha 16 kamili, sawasawa na mizani 16 za mshororo wa shairi letu. Najua ya kuwa hiyo ni sadfa, na kwamba wimbo wa mapigo 100 utaleta picha 14 na kipande, na hapo mhariri hana budi kukata kwa sikio. Lakini mwanafunzi akishaijua hesabu hii hawezi tena kuudharau mshororo wala pigo. Wimbo wa dakika tatu na nusu ni picha 5,040, na kila moja katika hizo yafaa iwe na sababu ya kuwapo.

Wako wasemao kwamba sanaa hii tumeletewa na MTV, televisheni ya Kimarekani iliyoanza mwezi wa Agosti 1981 kuonyesha nyimbo usiku na mchana. Mombasa yajua vingine. Miaka mingi kabla ya hapo watu wa kisiwa hiki walikuwa wakijaa katika majumba ya sinema, Majestic, Regal na Naaz, kutazama filamu za Kihindi, ambamo kila wimbo ulikuwa na mahali pake, mavazi yake na hata mvua yake, na mwigizaji alifumbua midomo kwa sauti isiyokuwa yake, sauti ya Lata Mangeshkar au ya Mohammed Rafi, iliyorekodiwa siku nyingine katika chumba ambacho mwigizaji huyo pengine hakupata kukiingia. Watazamaji walitoka na mahadhi vichwani, na haukupita muda mahadhi yale yakavishwa maneno ya Kiswahili. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, alipata jina kubwa kwa nyimbo za mtindo huo, akiimba mashairi ambayo mengi yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Basi tuliyachukua mahadhi, tukaziacha picha sinema. Kaseti zilizokuwa zikirekodiwa na kuuzwa na duka la Mbwana Radio Service hapa hapa Mji wa Kale zilikuwa sauti tupu, na kila msikilizaji alijichorea moyoni mwake sura ya yule aliyemfanya mwimbaji alie. Na kabla ya kaseti, Siti binti Saad wa Unguja ilimbidi mwaka 1928 avuke bahari mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Mwanafunzi wa leo, mwenye simu inayochukua sauti na sura pamoja, anaimalizia kazi iliyobakia nusu kwa miaka mingi, ingawa mara nyingi hajui kuwa anaimaliza, na pengine ni heri asijue, maana angeingiwa na kiburi.

Nilipata kukaa karibu na kundi moja la wanafunzi wa chuo cha hapa kisiwani walipokuwa wakiandaa filamu ya wimbo wao wenyewe, wimbo wa msichana anayengoja simu ya kaka yake aliyekwenda Ghuba kutafuta kazi, jambo ambalo nyumba nyingi za Kibokoni na Kuze hazihitaji kuelezwa. Kamera haikutolewa mkobani kwa siku kadha wa kadha. Waliusikiliza wimbo huku wakipiga mistari kwenye karatasi pana: upande mmoja sekunde, wa pili maneno, wa tatu mahali, wa nne nguo za mwimbaji, wa tano mtu atakayeshika kitu gani. Mmoja wao, kijana mwenye haraka, alisema kwamba hiyo ni kazi ya karani na wala si ya msanii, na mwenzake akamjibu kuwa betri mbili za kamera ya kuazima hazitangoja msanii afikiri. Ni jibu la mtu aliyewahi kufika mahali na betri zikamwishia.

Palipowasumbua zaidi ni kipande cha katikati ambapo mwimbaji hunyamaza na udi hubaki peke yake kwa mapigo 16, yaani sekunde kumi na kidogo. Maneno yanapokuwapo, picha ina cha kushika; maneno yakiondoka, picha hubaki uchi, na hapo ndipo hujulikana nani ameufahamu wimbo na nani ameusikia tu. Shauri la kwanza, kama ilivyo desturi ya kila atakayepiga picha Mombasa, lilikuwa Ngome ya Yesu: kuta zake za rangi ya udongo wa manjano, mizinga, na bahari nyuma yake. La pili lilikuwa jahazi na jua likizama. La tatu lilitoka kwa binti aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, naye alitaka ionekane simu iliyochomekwa kwenye chaji juu ya kizingiti cha dirisha, kioo chake kimezima, na mkono wa mwimbaji unaipindua ili kuhakikisha kwamba haikuita. Waliyaandika yote matatu, wakaacha hukumu itolewe baadaye, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri wa karatasi: yaweza kubeba magomvi matatu kwa mara moja bila ya mtu yeyote kununa.

Shauri la jua kuzama lilijiua lenyewe siku walipokwenda kutembea mahali penyewe kwa saa ile ile waliyokusudia kupiga picha. Bandari ya Kale iko upande wa mashariki ya kisiwa. Jua huchomoza ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, na jioni huzamia nyuma ya nyumba, upande wa Kilindini, kwa hiyo anayetaka jahazi na jua vikae pamoja katika bandari hiyo hana budi aamke alfajiri. Hili laweza kujulikana kwa kutazama ramani, lakini nimeona watu wazima wenye vyombo vya thamani kubwa wakifika Forodhani saa kumi na moja jioni, wakageuka huku na huku kama waliopotelewa na mtoto.

Baada ya karatasi huja ruhusa, na hapa ndipo sanaa hii inapokutana na adabu. Serikali ina yake: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, humtaka mwenye kutengeneza filamu apate leseni, Ngome iko chini ya Makavazi ya Taifa, nayo ina taratibu zake na ada zake, kamera iendayo angani, ambayo vijana huiita droni, ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukitumia wimbo wa mtu mwingine, mwenyewe ana haki yake. Hayo huandikwa, hulipiwa, huhifadhiwa katika faili. Lakini mtaa nao una idhini yake isiyoandikwa, na aliye na karatasi zote za serikali asiye na idhini ya mtaa hatapiga picha hata ya paka.

Niliwaona wakisimama mbele ya nyumba moja yenye mlango wa nakshi, wasiinue kamera mpaka mwenye nyumba alipotokeza kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwatakani hapa?"

"Twaomba ruhusa yako, bibi, tuupige picha mlango. Ni kazi ya chuo, ya wimbo."

"Mlango haya, upigeni. Mimi simo."

Akarudi ndani, akaufunga mlango vizuri ili nakshi yote ionekane. Katika maneno yale machache mna sheria nzima. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa kuogopa jicho: daka na baraza ni vya wageni, ukumbi ni wa wanaojulikana, ndani ni ndani, na kiwanda kilicho wazi juu kimewekwa katikati ili wanawake wapate hewa na jua bila ya kuonekana na wapitao. Mafundi wa zamani walifikiri kila upande jicho linapoweza kutokea isipokuwa mmoja, upande wa mbinguni, kwa kuwa wakati wao upande huo ulikuwa na Mungu na kunguru peke yao. Droni imeuvunja ukuta ule. Ndiyo maana, pamoja na kuipenda picha ya mapaa ya Mji wa Kale yaliyoshikana mpaka majini, na kukiri kwamba ni picha nzuri mno, nashukuru kuwa wanafunzi wale waliitoa katika orodha yao bila ya kuambiwa, wakasema kwamba hawawezi kugonga milango yote iliyo chini yake.

Sasa niseme juu ya mwanga, nami nitakawia hapa, kwa kuwa nadhani hii ndiyo roho ya kazi yenyewe. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na nyumba zake ni ndefu, basi jua lenyewe halifiki chini ila karibu na saa sita, na hilo la saa sita ni adui: katika Machi na mwanzo wa Oktoba hupita utosini hasa, likatia vivuli ndani ya macho ya mtu hata akaonekana kama mgonjwa. Asubuhi na alasiri, kinyume chake, jua hupiga kuta za juu zilizopakwa chokaa, kuta hizo zikaurudisha mwanga upande wa pili, nao upande wa pili ukaurudisha tena, mpaka ukifika usoni kwa mwimbaji umekwisha kulainika, hauna makali wala mwelekeo. Watu wa studio hununua vitambaa na masanduku ili kupata mwanga wa namna hiyo, na kichochoro cha Kuze huutoa bure. Palipokosekana ukuta wa kutosha, vijana wawili walitandaza shuka nyeupe mikononi wakaishusha na kuipandisha mpaka mshika kamera aliposema basi.

Chokaa ile ile iliyo rafiki ina hila yake. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, huuona weupe wa ukuta, hudhani dunia imezidi mwanga, hujifumba. Na uso wa mwimbaji mweusi aliyesimama mbele ya ukuta huo hugeuka kivuli chenye meno. Vyombo hivi havikutengenezwa kwa kututazama sisi. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi ilizigawia maabara kadi ya mwanamke mweupe iwe ndiyo kipimo cha rangi sahihi, na ingawa kamera za siku hizi zimepata akili zaidi, tabia ya zamani haijatoka yote. Basi mwanafunzi hana budi asogee mpaka karibu na shavu la mwimbaji, apime mwanga wa ngozi yenyewe, afunge kipimo hicho, kisha arudi nyuma, na ukuta ukizidi kuwa mweupe auvumilie. Mtihani mkubwa kuliko yote ni mzee wa kanzu nyeupe na bibi wa buibui jeusi wapitao pamoja katika picha moja, jambo ambalo hapa hutokea kila dakika. Ukiokoa mikunjo ya kanzu, buibui huwa doa. Ukiokoa buibui, kanzu huwaka kama taa. Mshika kamera wa kundi lile aliwasogeza, kwa heshima zote, mpaka kanzu ikawa kivulini na buibui likapata jua la ubavuni, na nyuzi za pindo lake zikaonekana moja moja. Hakuna aliyempongeza, kwa sababu alipofaulu hapakuwa na kosa la kuonekana.

Ndani ya nyumba mambo hugeuka. Penye taa za mirija, picha yaweza kupepesa, na dawa yake ni kuifungua shata ya kamera kwa sehemu ya 50 ya sekunde, maana umeme wa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na viwili hivyo vikipatana, taa hutulia. Binti wa simu na dirisha alilijua hilo. Wenzake walidhani ni uganga.

Yako maajabu mengine. Filamu ya wimbo haijali kelele: bodaboda ipige honi, fundi agonge mabati, muuza kahawa agonganishe vikombe, yote hayadhuru, kwa kuwa sauti itakayosikika imekwisha kurekodiwa. Kelele iliyo na hatari ni ya wapiga picha wenyewe, kwani mwimbaji hana budi ausikie wimbo wake ili midomo ifuatane nao, na spika kubwa karibu na misikiti ni utovu wa heshima ambao mtaa hautausahau. Kwa hiyo walitumia spika ndogo iliyofichwa ndani ya kikapu, wakapanga saa zao kwa sala kama wasafiri wanavyopanga kwa maji, na adhana ilipoanza, msikiti mmoja haujamaliza mwingine umedakia, kila kitu kilizimwa na wengine wakaenda kutia udhu. Siku ya Ijumaa hawakuja kabisa.

Kiitikio cha mwisho walitaka kiende kwa mwendo wa pole, nguo ya mwimbaji ielee na upepo wa kaskazi, ilhali midomo isiachane na wimbo. Hili hufanywa kwa hila nzuri: kamera huchukua picha 48 kwa sekunde, wimbo huchezwa kwa kasi maradufu, na mwimbaji huimba kwa kasi hiyo hiyo, zikionyeshwa baadaye picha 24 kwa sekunde, midomo hurudi mahali pake na mwili wote hubaki ukielea. Lakini ukiwa pale pale kichochoroni huoni kuelea kokote. Unachokisikia kikapuni ni sauti nyembamba inayokimbilia mwisho wa wimbo kama iliyoudhiwa, na unachokiona ni msichana aliyejisitiri vizuri akitafuna maneno ya huzuni kwa kasi ya mnadi wa sokoni, huku watoto wa mtaa wameshika mbavu kwa kicheko. Alikirudia kiitikio hivyo hivyo, kwa uso wa msiba, mpaka watoto walipochoka kucheka kabla yake. Mimi nilidhani kwamba kuimba ndiko kazi yake. Kumbe kazi yake siku ile ilikuwa ni kuitunza huzuni mahali ambapo kila kitu kilimcheka.

Juu ya maji sina mengi. Bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, na aliyepiga picha ya ngazi za bandarini asubuhi maji yamejaa, akarudi alasiri yamekupwa, hataweza kuziunganisha picha hizo mbili kwa uwongo wowote. Jedwali la maji huchapishwa, na wavuvi hawana hata haja nalo.

Uhariri ulifanywa katika chumba cha mmoja wao huko Tudor, feni ikizunguka na sahani ya viazi karai katikati. Picha ya Ngome ilikuwapo. Mshika kamera alikuwa ameilipia ada, akaingoja asubuhi nzima mpaka ukuta ukapata mwanga wa ubavuni unaozitoa pembe zake, na hata mimi, niliyezaliwa karibu nayo, sikuwa nimeiona ikipendeza vile. Mhariri, naye ni yule yule binti, aliitia katika kile kipande cha udi. Ikaingia kwa pigo na kutoka kwa pigo, haina kasoro ya kupimika. Kisha akaiondoa, akaweka dirisha, simu na mkono. Pakatokea ugomvi. Mshika kamera akasema kuwa watu wa nje ya Mombasa hawatajua wimbo huu ni wa wapi. Binti akajibu kwamba ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 kwa kulinda bandari yao haina habari na kaka wa mtu aliyeko Ghuba, na kwamba picha ile ikiingia, wimbo utakuwa tangazo la watalii kwa sekunde kumi, na baada ya sekunde kumi hakuna atakayekumbuka nani alikuwa akingojwa. Wakazicheza zote mbili, kwanza pamoja na sauti, kisha bila ya sauti, kisha wakamwita dada wa mwenye chumba, ambaye hakuwa na habari ya ugomvi wao, wakamwonyesha. Ya Ngome aliisifu. Ya simu aliuliza, "Kwani hakupiga?"

Mshika kamera alinyamaza kidogo, akachukua kiazi, akasema waihifadhi picha yake katika diski mbili ili isipotee. Imehifadhiwa huko hata sasa, pamoja na jina la faili, tarehe na saa, ikingoja wimbo mwingine utakaokuwa na haja ya ngome.